Manjano, Mafuta na Njia ya Kufika Damuni

Anayepewa dawa ya mseto ya malaria katika zahanati ya Tanzania au Kenya huambiwa aimeze pamoja na chakula chenye mafuta, au walau maziwa. Wengi hudhani ushauri huo ni wa kulinda tumbo lisiume. Sababu yake hasa imo ndani ya kidonge. Kidonge kimoja cha ALu, ndiyo dawa hiyo ya mseto, kina miligramu 20 za atemeta na miligramu 120 za lumefantrini, na lumefantrini ni kemikali isiyopatana na maji hata kidogo. Ilipopimwa kwa watu wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi chake kinachoingia damuni mara 16 hivi kuliko ilipomezwa tumbo likiwa tupu; atemeta nayo iliongezeka mara mbili. Wala mafuta yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba gramu 1.2 za mafuta, zinazopatikana katika mililita 36 za maziwa ya soya, zinatosha kufikisha lumefantrini asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa inachoweza kufikia.

Chembe za nano za lipidi, ambazo watafiti wa famasia wamekuwa wakizishughulikia kwa zaidi ya miaka 30, zimejengwa juu ya jambo hilohilo. Dawa isiyopenda maji hupita vizuri zaidi ikisindikizwa na mafuta. Tofauti ni kwamba mtengenezaji haliachi suala hilo mikononi mwa mgonjwa na mlo wake. Huyatia mafuta ndani ya dawa yenyewe, kwa kipimo na ukubwa aliouchagua. Nataka tuzitazame kwa jicho hilo, kwa sababu bidhaa za mitishamba zinazojinadi kwa teknolojia ya nano zinauzwa kwa bei kubwa, na mnunuzi anastahili kujua analipia nini.

Tuanze na maji. Utumbo ni mahali pa majimaji, na kabla dawa haijapenya ukuta wake ni lazima kwanza itawanyike molekuli moja moja ndani ya majimaji hayo. Punje iliyobaki punje hutoka na kinyesi. Mimea nayo haikutengeneza kemikali zake kwa ajili ya damu ya binadamu. Nyingi ni za kufukuza wadudu, kuzuia ukungu au kujikinga na jua, na mmea huzihifadhi kwenye utomvu, nta na vifuko vya mafuta. Baadhi yake wanakemia waliziweza mapema. Kwinini, itokayo kwenye magome ya mkwinini, ina naitrojeni inayoshikana na asidi. Ikishafanywa chumvi huyeyuka majini na hata kufaa kwa sindano. Artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake nchini China waliitoa kwenye mmea wa artemisia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyompatia mama huyo Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Ilibidi molekuli yenyewe ibadilishwe kidogo, ndipo ikapatikana atesuneti ya kudungwa mshipani na atemeta inayokubali mafuta.

Kurkumini ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo iliyoandikiwa kurasa nyingi kuliko karibu kemikali nyingine yoyote ya mimea katika uwanja huu. Ndiyo inayoyapa manjano rangi yake. Vogel na Pelletier waliitenga huko Ufaransa mwaka 1815, na umbo la molekuli yake likajulikana mwaka 1910. Katika unga wa manjano, kurkumini na jamaa zake hufikia asilimia 2 hadi 5 tu ya uzito. Mpishi wa Pemba au Mombasa anajua tabia yake hata kama hajawahi kulisikia jina hilo: manjano huanza kwenye mafuta ya moto au kwenye tui, na hapo rangi hukolea mara moja, lakini ukiukoroga unga huo katika maji baridi, baada ya muda unautazama umelala chini ya glasi. Kiasi cha kurkumini kinachoyeyuka katika maji matupu huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, katika kila mililita.

Lau tatizo lingeishia hapo, mafuta yangelimaliza. Lakini hata ile iliyofaulu kuyeyuka haidumu. Katika mmumunyo wenye kiwango cha asidi sawa na cha damu, na joto la mwili, asilimia 90 hivi ya kurkumini huwa imevunjika ndani ya nusu saa. Na ile inayowahi kuingia kwenye ukuta wa utumbo hukutana na vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuitambua kemikali ngeni, kuibandika kipande cha sukari au salfa, na kuifanya iwe rahisi kutolewa kwa nyongo na mkojo. Ini humalizia kilichobaki. Ndiyo maana watu waliomeza gramu 8 kwa siku katika majaribio, kiasi ambacho hakuna mchuzi unaoweza kukibeba, walionekana kuwa na chembechembe chache sana damuni, na wengine hawakuwa na chochote kinachopimika.

Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walijaribu njia nyingine. Waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali inayoifanya pilipili manga iwashe, na kiasi kilichofika damuni kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Takwimu hiyo imechapwa kwenye makopo mengi mno. Inachoficha ni kwamba kitu kilichokuwa karibu na sufuri, ukikizidisha mara 20, bado ni kidogo. Tena piperini haifanyi kurkumini iyeyuke. Inavizuia vimeng'enya visifanye kazi, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoshughulikia pia dawa nyingine anazomeza mtu huyohuyo.

Chembe ya lipidi inaingia kwa mlango tofauti. Kwanza kuna hesabu ya ukubwa. Kanuni iliyojengwa juu ya kazi ya Arthur Noyes na Willis Whitney ya mwaka 1897 inaeleza kwamba kadiri eneo la uso linaloguswa na maji linavyokuwa kubwa, ndivyo kitu kigumu kinavyoyeyuka haraka. Chukua tufe moja lenye kipenyo cha mikromita 100, unene wa unywele hivi, ulivunje liwe matufe ya nanomita 100. Utapata matufe bilioni moja, na jumla ya uso wake itakuwa mara 1,000 ya ule wa mwanzo, ilhali uzito ni uleule. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwa kurkumini, dawa iliyomo ndani ya mafuta imekwisha kuyeyuka humo. Haihitaji tena kupambana na maji ili iachane na punje yake.

Utengenezaji wenyewe unaeleweka bila shida. Vifuko vya fosfolipidi viitwavyo liposomu vilielezwa na Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge, katika miaka ya 1960. Chembe ngumu za lipidi zilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Rainer Müller huko Berlin na Maria Rosa Gasco huko Turin. Mafuta yanayoganda katika joto la kawaida, kama stearini, hupashwa moto hadi nyuzi 5 au 10 juu ya joto lake la kuyeyuka. Kurkumini huyeyushwa humo. Kisha huongezwa maji ya moto yenye kishikizi cha mafuta na maji, kwa mfano lesithini ya soya, mchanganyiko ukakorogwa kwa kasi na kusukumwa kwenye tundu jembamba kwa shinikizo la angahewa 500 hivi, mara mbili au tatu. Matone yanapasuka yakawa madogo sana. Yakipoa, kila tone linaganda, na kurkumini inabaki ndani. Chupa inayotoka hapo ina kimiminika cheupe kilichopakwa rangi ya manjano, chenye chembe za nanomita 100 hadi 200 zinazoelea bila kuzama.

Sasa chembe hizo zinamezwa, na hapa ndipo matangazo mengi hupotoka. Huonyesha kijitufe kikipita utumboni, kikiogelea damuni kizima kizima, kikibisha hodi kwenye seli yenye ugonjwa. Kwa dawa ya kumeza, mambo hayaendi hivyo kwa sehemu kubwa. Utumbo hautofautishi sana mafuta ya maabara na mafuta ya samli. Nyongo huyazingira, kimeng'enya cha lipasi kutoka kongosho huyakata, na vipande vyake vikijumlishwa na chumvi za nyongo huunda vifungu vidogo zaidi viitwavyo miseli. Kurkumini iliyokuwa kwenye chembe huhamia humo, na miseli huifikisha kwenye ukuta wa utumbo. Ndani ya seli za ukuta, sehemu ya mafuta hayo hufungwa upya katika vifurushi vinavyoingia kwenye mishipa ya limfu badala ya mshipa uendao ini. Limfu humwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, kwa hiyo dawa iliyopitia njia hiyo imeikwepa kazi ya kwanza ya ini. Chembe, kwa ufupi, hufa njiani, na kufa kwake ndiko kunakoifikisha dawa.

Inafaa pia kuzitenga na chembe za lipidi za chanjo za Uviko-19 zilizotufikia mwaka 2021. Zile zilibeba RNA, molekuli inayopenda maji na yenye chaji hasi, na zilihitaji lipidi maalumu inayobadilika chaji ili kuishika na kuiachia ndani ya seli. Zilidungwa, hazikumezwa. Jina la jumla ni moja, lakini abiria mmoja alihitaji kulindwa dhidi ya kuvunjwavunjwa na mwingine anahitaji kusaidiwa kuyeyuka, na mafanikio ya chanjo hayathibitishi chochote kuhusu kidonge cha manjano.

Yapo matatizo ya kiufundi yanayostahili muda, maana ndiyo yanayoamua kama kitu kilichofaulu maabara kitafaulu kwenye stoo ya dawa ya Tabora. Mafuta magumu huganda kwa fuwele, na fuwele hubadilika kadiri siku zinavyopita. Mwanzoni zimejipanga ovyo, zikiacha nafasi ambamo kurkumini imejibanza. Taratibu hujipanga vizuri zaidi, nafasi zinajifunga, na dawa inasukumwa nje, kama vile chokoleti iliyokaa dukani kwenye joto inavyoota weupe juu wakati siagi yake ya kakao inapojipanga upya. Dawa iliyotolewa nje inarudi kuwa punje ileile isiyoyeyuka. Dawa ya tatizo hilo, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ni kuchanganya mafuta magumu na mafuta ya maji ili mpangilio ubaki wa ovyo. Inasaidia sana. Lakini joto la stoo likipanda mchana na kushuka usiku kwa miezi kadhaa, uthibitisho wa uthabiti uliofanyika kwenye jokofu hauna maana kubwa kwetu.

Tatizo la pili ni la hesabu tupu, na nashangaa linavyotajwa kwa nadra. Tuseme chembe zimebeba kurkumini kwa asilimia 5 ya uzito wa mafuta yake. Anayetaka kumpa mgonjwa gramu 1 ya kurkumini atampa gramu 20 za mafuta. Kama kimiminika kina mafuta asilimia 10, hiyo ni mililita 200, glasi nzima, kila siku. Kwa dawa kali inayofanya kazi kwa miligramu chache, mzigo huo si kitu. Kwa kemikali dhaifu inayohitaji magramu, chembe inageuka chakula. Kabla ya kununua mashine ya shinikizo, mtafiti angeuliza kwanza kemikali yake ina nguvu kiasi gani.

Na hapo tunafika kwenye kipimo cha damu, ambacho ndicho kiini cha madai mengi. Maabara ikitaka kujua kurkumini iliyofika damuni, inaweza kupima kurkumini yenyewe, ikiwa huru. Au inaweza kwanza kuitia damu kimeng'enya kinachobandua vile vipande vya sukari ambavyo mwili ulivibandika, kisha ikapima jumla. Njia ya pili hutoa namba kubwa zaidi, kwa sababu inaihesabu pia kurkumini ambayo mwili umekwisha kuiandaa itolewe. Bidhaa mbili zinaweza kutangaza ongezeko kubwa sana huku moja ikizungumzia dawa hai na nyingine ikizungumzia takataka zake. Msomaji wa tangazo hana namna ya kujua. Mimi naona tangazo lisilosema ni kipi kilichopimwa halistahili kuaminiwa.

Teknolojia yenyewe si ya kubezwa. Kuna mahali imefanya kazi kubwa. Paklitakseli ilitoka kwenye magome ya mti aina ya Taxus brevifolia yaliyokusanywa Marekani mwaka 1962; Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha umbo lake mwaka 1971, lakini ilichukua hadi mwaka 1992 kuidhinishwa kwa saratani. Miongoni mwa vilivyoichelewesha ni kutoyeyuka. Ili idungwe mshipani ililazimu kuitia kwenye pombe na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, na kiyeyushi hicho kiliwasababishia baadhi ya wagonjwa mizio mikali kiasi kwamba hupewa dawa za kuituliza kabla ya dripu. China iliidhinisha paklitakseli ya liposomu mwaka 2003. Marekani ikaidhinisha mwaka 2005 ile iliyobebwa na chembe za protini ya albumini. Zote mbili ziliachana na kiyeyushi hicho.

Mfano ulio karibu zaidi nasi si wa mmea, ila unafundisha jambo ambalo kurkumini haiwezi kulifundisha. Amfoterisini B, itokayo kwa bakteria wa udongoni, haiyeyuki kirahisi majini na huumiza figo. Ikiwa ndani ya liposomu hutumika kutibu kala-azar, ugonjwa unaosumbua Baringo, Turkana na Pokot Magharibi nchini Kenya na Karamoja nchini Uganda, hasa kwa wagonjwa mahututi, wajawazito na wanaoishi na VVU. Chembe yoyote ya mafuta ikidungwa mshipani hukamatwa na seli walinzi wa ini na wengu. Kwa dawa nyingi hiyo ni hasara. Vimelea vya kala-azar vinaishi ndani ya seli hizohizo, kwa hiyo dawa inapelekwa na mwili wenyewe mpaka nyumbani kwa adui. Hata hivyo, inatakiwa kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 25, na yeyote aliyewahi kushinda Lodwar mwezi wa Februari anajua sharti hilo lina uzito gani.

Katika mifano hiyo miwili, dawa ilikuwa imekwisha kuthibitika kuwa kali dhidi ya ugonjwa. Kilichokosekana kilikuwa usafiri salama. Kwa kurkumini mpangilio ni kinyume. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipitia ushahidi wote katika jarida la kemia ya dawa. Walieleza kwamba kurkumini huvuruga vipimo vya maabara: inang'aa yenyewe, inajibandika kwenye protini ovyo, inasumbua utando wa seli, na hivyo kuonekana inatibu karibu kila kitu kwenye sahani ya kioo. Na kati ya majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, hawakupata hata moja lililofaulu miongoni mwa yale yenye masharti magumu, ambapo si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. Watetezi husema haikufaulu kwa sababu haikufika damuni. Huenda. Lakini hiyo ni hoja inayopaswa kujaribiwa, na chembe za nano ni chombo kizuri cha kuijaribu. Tatizo ni kwamba zinatumiwa mara nyingi mno kama jibu.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na haraka. Manjano ya mchuzini ni salama, na sababu mojawapo ni kwamba hayaingii sana damuni. Ukiondoa kizuizi hicho, historia ndefu ya matumizi jikoni haikuhakikishii tena usalama. Mwaka 2019 mamlaka za Italia zilitoa tahadhari baada ya kuripotiwa visa vya homa ya ini kwa watumiaji wa virutubisho vya manjano. Ripoti ya mtandao wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa, iliyotoka mwaka 2022, ilieleza wagonjwa 10, wengi wao wakiwa na aina moja ya jeni za kinga, HLA-B*35:01, na baadhi ya bidhaa walizotumia zilikuwa na piperini. Ni watu wachache ukilinganisha na mamilioni wanaotumia. Bado, bidhaa inayodai kupenyeza kemikali mara nyingi zaidi inapaswa kupimwa kama dawa mpya na mamlaka za dawa kama TMDA ya Tanzania, hata kama kilichomo ndani kimetoka kwenye bustani ya viungo.

Afrika Mashariki ina sababu nzuri za kuingia katika kazi hii. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ipo tangu mwaka 1974, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo chake cha utafiti wa dawa za asili, na malighafi za mafuta tunazo: nazi ya pwani, kakao ya Kyela na Bundibugyo, shea ya kaskazini mwa Uganda. Ningependa kuona kazi hiyo ikianzia kwenye kemikali ambazo nguvu yake haina ubishi, hasa za malaria, kabla ya zile zenye sifa nyingi na ushahidi mchache.

Na ningependa majaribio yake yawe na kundi moja ambalo tafiti nyingi zilizochapishwa hazina. Kawaida chembe za nano hulinganishwa na unga mkavu uliokorogwa kwenye maji, mpinzani ambaye kila mtu anajua atashindwa. Mpinzani halali ni kemikali ileile, kipimo kilekile, iliyoyeyushwa kwenye kijiko cha mafuta ya nazi na kumezwa pamoja na chakula. Chembe zikimshinda huyo kwa kiwango kinachobadilisha hali ya mgonjwa, gharama ya mashine itakuwa imejilipa.